Ng'ombe Kumi wa Redio

Mpendwa Apa, baba yangu,

Leo mchana nimewasha redio yako, saa ile ile uliyokuwa ukiniambia nifunge mlango joto lisiingie, kana kwamba joto la Lodwar hubisha hodi. Imekoroma kidogo, ikaanza kutoa habari, nikaizima. Habari zenyewe nitakuja kukueleza. Kwanza kuna jambo nililokuficha ukiwa kitandani hospitalini, na tangu tukuzike mwezi wa sita halijanipa usingizi. Mwaka 2013 umebakiza siku tatu tu uishe, na sitaki kuingia nalo mwaka mwingine. Nilikudanganya kuhusu ng'ombe, Apa. Nilikudanganya siku kumi na moja mfululizo huku umenikazia macho.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho shule ilichonifundisha kuandikia, na wewe ndicho ulichookota kwa watu wa barabara. Najua hukuwahi kusoma barua maishani mwako. Nikimaliza nitakusomea kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa.

Na kwa kuwa barua hii huenda ikasomwa na wengine, acha niwaeleze ni ng'ombe gani, maana tukisema ng'ombe hapa kwetu kila mtu hufikiria maziwa.

Kabla sijazaliwa ulikuwa na mifugo ya kweli huko Nakalale, na katika mifugo hiyo dume mwekundu mmoja, Loreng, uliyemwimbia mpaka watu wakakupa jina lake: Apaloreng, baba wa yule mwekundu. Alfajiri moja wezi walikuja wakawaswaga wote, kwa sababu wote walikuwa katika zizi moja. Ulikuja Lodwar kwa miguu bila hata mbuzi. Ukapata kazi ya kumpikia mhandisi wa barabara, mzee wa Kizungu mwenye masikio ambayo ulisema yangetosha kumfunika akilala. Mzee huyo alikuwa na kaseti kumi na mbili alizorekodi kwao kutoka redioni: vipindi vya kale vya bendi kubwa kubwa za dansi, za enzi za ujana wake, watu kumi na tano au ishirini wakipuliza kwa pamoja na ukumbi mzima ukipiga makofi. Barabara ilipoisha akafunga virago, akakuachia redio ya kaseti na zile kaseti zake zote. Wenzako walipewa mablanketi na masufuria, na Mama hakulisahau jambo hilo mpaka anaingia kaburini.

Kiingereza hukukijua, kwa hiyo majina ya nyimbo hukuyajua. Ukafanya lile ambalo mwanamume wa Kiturukana hufanya akipata kitu cha kupenda. Ulizipa majina ya ng'ombe. Kaseti ya kwanza ikawa Loreng, ili yule aliyeibwa apate mrithi. Iliyokuwa na tarumbeta za kurukaruka, mara huku mara kule, ikawa Lomeri, mwenye madoadoa. Ile ya polepole, ya zumari nyembamba juu na saksafoni nene chini, ikawa Longole, kwa sababu ulisema inakuja na paji jeupe, unaiona kutoka mbali. Nilipokuwa mdogo nilidhani hata yule mhandisi aliziita hivyo.

Unakumbuka michana yetu? Betri tulizianika juu ya mabati tangu asubuhi zipate nguvu, na kaseti tuliirudisha nyuma kwa kalamu ili tusizimalize bure. Watu wote wa mtaa wetu wa Kanamkemer wamelala, hata mbwa. Wewe umekaa kwenye kile kigoda chako, miguu umeinyoosha, mimi nimelala kifudifudi kwenye mkeka. Kwanza unasikika mvumo wa redio yenyewe, kama mchanga unaomwagwa, halafu anaingia yule mtangazaji uliyemwita Mapua kwa sababu sauti yake yote ilipitia huko. Anasema maneno yake mawili matatu ya kukaribisha watu. Na wewe, kila siku, bila kukosa, ulimjibu.

“Ejok!”

“Unamsalimia nani?” Mama aliuliza kutoka mlangoni. “Huyo mtu amekufa zamani.”

“Basi amekufa na anasalimia mzuri kuliko jirani yako.”

Mama aliziita ng'ombe tasa. Alisema zinakula betri na hazitoi hata kikombe. Lakini nilimwona, Apa, nadhani wewe hukumwona, siku anapepeta mtama nyuma ya nyumba huku ungo ukienda sawasawa na Lomeri. Nilipocheka alinirushia kiatu.

Ulinifundisha kusikiliza kama ulivyofundishwa wewe kuchunga. “Usisikize zote pamoja,” uliniambia. “Chagua moja, fuata hiyo. Ukiangalia kundi mzima, moja inapotea na hujui ni gani.” Basi leo tulifuata besi, kesho tromboni, keshokutwa yule bwana mmoja wa saksafoni ambaye hachezi na wenzake, anangoja, anangoja, halafu anasimama kusema yake. Besi ndiyo niliyoipenda. Ilitembea tu. Wengine wote walipiga kelele na kurushana maneno, yeye akatembea chini yao bila haraka na bila kuchelewa. Mpaka leo nikibeba mashuka ya hospitali kwenda kwenye kamba, natafuta mwendo ule kwa miguu.

Na tarumbeta zilipoinuka zote kwa mara moja, uliinua mikono yako miwili juu ya kichwa, ukaikunja kama pembe za Loreng wa kwanza, ukafumba macho. Ulikuwa mtu wa kejeli siku nzima, hapakuwa na kitu usichokitania, hata kanisa. Wakati ule tu hukuwa na utani. Nilikuwa nakutazama badala ya kusikiliza.

Halafu mto Kawalase ukafurika, maji yakaingia nyumbani mpaka magotini, na kaseti mbili zikaenda na maji pamoja na kuku na viatu vyangu vya shule. Ulikaa siku mbili husemi. Siku ya tatu ulisema, “Mimi ni mjinga. Mara ya pili naweka mali zizi moja.”

Hapo ndipo ulipofanya kosa lako, na hakuna mtu mwingine duniani ambaye angelifanya kwa akili nzuri namna ile. Ulizigawa. Kama mtu mwenye busara agawavyo mifugo kwa marafiki, huyu watatu na yule watatu, ili wezi wakija huku au ukame ukipiga kule, pabaki mbegu. Watatu ukawapeleka Kerio kwa Ekai, mvuvi mliyekuwa pamoja kwenye kazi ya barabara. Watatu Kaaleng, kwa rafiki yako wa ujana. Watatu Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa Mwalimu Majok wa Sudan Kusini, aliyefundisha kwaya. Loreng peke yake akabaki nyumbani. Na kila mmoja ulimpa sheria ile ile ya mifugo: maziwa ni yako, na ukibanwa na shida, chinja. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, nilijua kaseti haizai. Sikusema kitu. Ulikuwa na furaha ya mtu aliyepata tena kundi, nani angekukata kauli?

Mwaka 2012, wakati mji mzima unazungumza habari za mafuta yaliyopatikana ardhini na kila kijana anatafuta kazi ya udereva, wewe ulianza kushika tumbo. Ulikataa kupimwa mpaka uvimbe ukaonekana juu ya shuka. Madaktari walisema ukweli wao bila kuzunguka: umechelewa, kisu hakitasaidia. Na mwezi ule ule Loreng akakatika. Utepe ulikuwa umechakaa, tuliuunga kwa gundi, ukakatika pengine, tukaunga, mwishowe redio ikautafuna wote. Uliutoa kwa vidole, ukauzungusha kwenye kiganja, ukacheka kidogo.

“Huyu amezeeka na mimi,” ulisema.

Baada ya uchaguzi wa 2013 ulilazwa. Ulikuwa karibu na mimi, wodi na chumba cha kufulia ninakofanya kazi vinatazamana, nikawa napita kila nafasi niliyopata na mikono ya sabuni. Ndipo siku moja ukanishika kifundo cha mkono na kuniambia unataka kuwaona wote kabla ya kwenda. Wote tisa, zizini. “Nenda kwa marafiki. Waambie Apaloreng anaita ng'ombe yake. Watakupatia.” Nikakuahidi. Nikaomba ruhusa kazini, nikapewa, maana kila mtu pale alijua unaelekea wapi.

Sasa sikiliza yale ambayo sikukuambia.

Kerio nilifika na gari la samaki. Ekai alinikumbatia, akanipa samaki na ugali, akauliza hali yako na kulia kabla sijamaliza kumweleza. Halafu akanipeleka kwenye vichanja vya kukaushia samaki. Juu yake, kutoka mti hadi mti, alikuwa amevuta nyuzi nyeusi nyembamba, zinang'aa na kutetemeka.

“Ya kwanza ilikufa yenyewe, binti ya Apaloreng. Chumvi ya hapa iliingia. Ya pili pia, na ya tatu. Sasa nikasema nyama isitupwe. Ndege hawezi karibia, ona. Na upepo ikija inaimba. Sikiza.”

Nilisikiliza, Apa. Nilisikiliza kwa bidii nisiyowahi kuweka kwenye jambo lolote. Ulikuwa upepo tu. Nikamwambia kweli, inaimba, na akafurahi sana.

Kaaleng rafiki yako hakuwepo, alikuwa amehama na mifugo kufuata majani. Alikuwepo mkewe, Mama Esinyen. Nilipotaja kaseti uso wake uliwaka. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa ngozi, akazitoa moja moja na kuziweka mapajani mwangu. Zilikuwa zinang'aa kwa mafuta ya kondoo. Mafuta yameingia katika kila tundu, na mchanga umefuata mafuta.

“Mwaka ya kwanza ilianza kukauka,” alisema. “Nikaona hii itapasuka kama ngozi. Nikapaka. Kila kiangazi mimi napaka, hata kama mafuta ya watoto imeisha. Angalia, hakuna imepasuka hata moja.”

Ni nani angemwambia? Hata ningekuwa na ulimi wa nyoka nisingeweza. Nilimshukuru, nikanywa maziwa yake, nikazifunga kaseti zile kwenye leso. Njiani kurudi barabara kuu nililia mpaka dereva akasimamisha lori akidhani nimefiwa. Nikamwambia bado.

Ikabaki Kakuma. Nilijipa moyo. Mwalimu Majok alikuwa msomi, alikuwa na redio ya kaseti, alijua muziki. Unakumbuka mlivyokutana? Ulikuwa umeenda kambini kuuza makaa, redio iko begani, Lomeri anacheza, na yeye akakusimamisha akauliza hiyo ni ng'ombe ya rangi gani. Hakuuliza wimbo gani. Kwao pia mwanamume huimba dume lake, na jina lake mwenyewe, Majok, ni rangi ya ng'ombe, mweusi na mweupe. Uliporudi nyumbani ulimwambia Mama umempata ndugu uliyepotezana naye tumboni.

Mwalimu alinipokea kwenye nyumba yake ya udongo, akaweka chai, akaweka kaseti tano mezani. Watatu wako, na wawili zaidi.

“Hawa ni watoto,” akasema, akiwagusa wale wawili. Hakucheka. “Malesh, samahani, binti yangu. Baba yako aliniambia, ukiwa na shida, chinja. Nilichinja.”

Akanieleza taratibu. Watu wake walianza kurudi kwao Sudan Kusini ilipopata uhuru wake, na vijiji vingi walikorudi havina mtandao wa simu. Wazee hawajui kuandika. Kwa hiyo watu kambini walimjia yeye, mwenye redio ya kurekodi, wakasema maneno yao kwenye kaseti, na madereva wa malori wakazichukua kuvuka mpaka. Kule walisikiliza, wakasema yao juu ya yale yale, wakarudisha, na mara mbili wakaongeza kaseti ya kwao. Lomeri alikwenda Bor na kurudi mara nne. Kaseti tupu zilikuwa zimeadimika sokoni, na zako zilikuwepo. Alinichezea. Mama anamwambia mwanawe asioe kabla hajatoa mahari ya kaka yake. Mzee anataja majina ya watu, jina baada ya jina, kisha anakohoa. Watoto wanaimba wimbo wa kanisa na mmoja anachekeshwa na wenzake. Sauti tupu, Apa, kote, ubavu huu na ubavu ule.

Ya mwisho ilikuwa Longole. Alisita kabla ya kuiweka. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee sana, Kidinka, anazungumza kama mtu anayeota moto, ananyamaza, anaendelea. “Mama yangu,” Mwalimu akasema. “Alikufa mwezi wa pili. Hii ndiyo imebaki.” Tukasikiliza mpaka mwisho. Yule bibi akasema neno moja, ukasikika mlio wa kidude kinachobonyezwa, na papo hapo bila taarifa zikaingia saksafoni zako. Zile nene, za chini. Zumari ikapanda juu yao. Pengine dakika moja, pengine na nusu, kisha makofi, Mapua akaanza kusema, utepe ukaisha.

Dunia nzima ilikuwa imebaki na dakika moja ya kundi lako na ilikuwa pale mezani, mbele ya kikombe cha chai.

Mwalimu alinisukumia ile kaseti. “Ni yake,” akasema. “Mpelekee. Lakini redio za siku hizi zinatafuna.” Tulijua wote wawili jinsi Loreng alivyokwisha. Niliishika. Nilikuwa nimekuahidi, na wewe ulikuwa unangoja, na redio yetu ni ile ile yenye meno. Nikairudisha mezani. Nikamwambia aitunze sauti ya mama yake.

Nilidhani nafanya jambo ambalo wewe ungelifanya. Bado sijui. Siku nyingine naamka na hakika kwamba ungesema nimefanya vizuri, na siku nyingine naona wazi nilimpa mtu mwingine kitu ambacho baba yangu alikiomba akifa. Nilikuwa na wazazi wawili wa kupima, wa kwake alikuwa amekwisha kufa na wa kwangu alikuwa hai, nami nikachagua wa kwake.

Nilirudi Lodwar sina kitu ila leso ile ya kaseti za mafuta. Uliposikia hatua zangu uligeuza kichwa kabla sijafika mlangoni.

“Umewaona?”

“Nimewaona, Apa. Wamenona.”

Ndivyo ilivyoanza. Nilikusudia uongo wa siku moja tu. Lakini wewe ni mchungaji, na mchungaji haridhiki na neno moja. Ukauliza wametoka lini Kakuma, nani anatangulia, nani ana kidonda. Nikasema wanaletwa na gari, ukasema gari linawachosha, nikasema basi wanakuja kwa miguu. Kesho yake ukauliza wamefika wapi. Wamevuka mto Tarach, nikasema. Lomeri anatangulia. Na Longole? Anachechemea kidogo.

“Basi usiwaharakishe. Jua ni kali.”

Najua kwa nini nilimpa Longole mguu mbaya. Niliogopa wafike. Kila asubuhi niliwasogeza kidogo tu, laga moja ya mchanga mkavu, kilima kimoja, wakanywa maji, wakalala. Na wewe hukula tena, hukuweza hata kumeza maji sawasawa, lakini kila asubuhi ulikuwa umefumbua macho unaningoja nikupe habari za njiani. Siku ya nane muuguzi mmoja aliniita pembeni, mwanamke mpole, akaniuliza, “Dada, mzee anangoja nini? Anaumia sana.” Ningesema nini? Kwamba anangoja ng'ombe tisa ambao hawapo, na mimi ndiye ninayewachelewesha?

Ningeweza kuwafikisha. Nimelifikiria sana hili wakati nikifua. Ningeweza kusema wamefika, wako nje, ukafumba macho ukaenda kwa amani. Lakini ungetaka kuwasikia. Ungesema, weka Lomeri, na ningefanya nini?

Siku ya kumi na moja nilikuwa sina tena nchi ya kuwapitisha. Nilisema wako ng'ambo ya Kawalase. Ukatega sikio.

“Mbona sisikii kengele?”

“Upepo unaenda upande mwingine, Apa.”

Ukanitazama. Nimerudia mtazamo ule mara nyingi kuliko wimbo wowote. “Upepo,” ukasema. “Sawa.” Ukageuza uso kwenye ukuta, na mchana ule ule, saa zile za kufunga mlango, ukaondoka. Sijui kama ulijua. Kama ulijua, basi ulikufa ukimstahi mtoto mwongo, na kama hukujua, ulikufa ukingoja. Hakuna la tatu la kunifariji, nimelitafuta.

Mwezi wa tisa nilienda kwenye duka la intaneti hapa mjini. Watu husema huko unapata kila kitu, hata nyimbo za watu waliokufa kabla ya babu zetu. Kijana wa pale alikuwa na adabu, alinivutia kiti.

“Hiyo ngoma inaitwaje, siste?”

“Loreng.”

Akaandika. Hakuna. Akauliza nani aliimba, nikasema hawaimbi, wanapuliza, watu wengi, zamani sana, redioni. Akauliza bendi gani, nchi gani, mwaka gani. Nikamwambia ni yule mwekundu, pembe zinakuja mbele halafu zinarudi. Hakunicheka. Aliniwekea nyimbo kadhaa za tarumbeta, nzuri, safi, hazina hata mvumo, na zote zilikuwa ng'ombe wa watu wengine. Nilikaa nikazisikiliza kwa heshima halafu nikaenda zangu.

Na zile habari za redio nilizokuambia. Mwezi wa kumi na moja Mwalimu Majok alikwenda kwao Bor kuliona kaburi la mama yake. Aliniletea salamu kwa dereva, kwamba amemchukua Longole wakamsikilize pamoja na dada zake. Katikati ya Desemba vita vikazuka kwao, na kila siku redio inataja mji ule. Kambini wanaingia watu wapya kila asubuhi, na wiki jana nilienda nikasimama pale wanapoandikishwa nikauliza mmoja mmoja. Mzee, mwalimu wa kwaya, jina lake Majok. Watu walinitazama kwa huruma. Mwanamke mmoja aliniambia, “Mama, huko Majok ni wengi.” Simu yake haiiti hata.

Kwa hiyo ile dakika moja niliyoikataa ili iwe salama, sijui iko wapi. Ningekuletea, ungeisikia hata kama redio ingeitafuna baadaye. Ungemjibu Mapua mara moja ya mwisho.

Hii ndiyo taarifa yangu, Apa, ile uliyoniuliza siku kumi na moja. Wa Kerio wamekufa. Wa Kaaleng wamekufa kwa kupendwa. Wa Kakuma wamechinjwa kwa haki, na yule mmoja aliyebaki na pumzi amepotea na mwenyewe. Hakuna aliyevuka Tarach. Hakuna aliyekuwa anachechemea.

Jana nilikaa kwenye mkeka nikajaribu kumwimba Loreng tangu mwanzo, peke yangu, kwa mdomo. Nilianza na besi, nikaiendesha vizuri. Nikaingiza saksafoni. Nikafika pale wote wanaponyamaza na mpiga ngoma anabaki peke yake, anagonga mara tatu, mara nne, halafu kuna kitu kinachoingia kutoka upande wa kushoto, na ndicho kilichokuwa kinakufanya uinue mikono. Nikagonga mara nne juu ya ubao wa kitanda. Nikangoja. Nikagonga tena.

Hakikuja, Apa. Sikijui tena.

Lala salama. Usinijibu.

Ni mimi binti yako wa pekee, niliyetumwa kuleta ng'ombe,

Akiru